Karatasi Yenye Muhuri

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, ndiyo siku mambo yalipoharibika, ila Dominiki hakujua. Alikuwa bandarini Bluff, anakwangua kutu kwenye meli ya watu.

Siku hiyo mkewe Scola, mimba ya miezi sita, alirudi kutoka kliniki kadungwa sindano ya tako na kapewa karatasi yenye muhuri. Kiingereza mbele, Kizulu nyuma. Lugha hizo Scola alizijua za kununulia nyanya tu. Akafanya kama wafanyavyo Watanzania wote wa mtaani kwao Sydenham: karatasi yenye muhuri aliitia kwenye mfuko wa nailoni wa vibali, chini ya godoro. Mgeni hatupi muhuri. Kesho utaambiwa uulete.

Mwezi wa tano akajifungua mtoto aliyekwisha kufa. Damu haikukatika, na jioni ileile naye akamfuata.

Agosti, Dominiki alipokwenda kuongeza muda wa kibali, karani alichambua ule mfuko, akaisukuma karatasi kando. "Hii si yetu, baba. Ya kliniki."

Akaenda kliniki kuuliza inasema nini. Mama wa dirishani akasema karatasi ina namba tu, mwenye namba aje mwenyewe.

"Mwenye namba yuko kaburini."

"Basi lete cheti cha kifo."

Akaleta. Wakataka kitambulisho chake cha uraia, wakati wanaona kabisa kwamba ni mgeni. Siku tatu alisukumwa dirisha kwa dirisha kama toroli lenye gurudumu bovu. Wakubwa wa nchi hii, na wa kwetu vilevile, ndivyo walivyo: maskini akifa wanatafuta fomu kwanza, machozi baadaye.

Siku ya nne askari wa getini akamwonea huruma, akamwonyesha gari jeupe la kupima magonjwa, limeegeshwa karibu na robot, zile taa za njia panda. Pale hawaulizi vibali, na yupo wa kukusomea kwa Kiswahili. Dominiki akafika, akaona foleni: vijana wa kiume waliopaka rangi kucha, na wanawake wa barabarani. Akajitenga kando, akajifanya anasubiri taxi.

"Shemeji, sogea, huku hatuumi!" akapaza sauti Atuganile, Mnyakyusa mwenye wigi jekundu. "Kama unaona haya, jifunike na hiyo karatasi yako!"

Foleni nzima ikacheka. Akasogea.

Ndani alikuwamo muuguzi, na mkalimani Mkongo mwenye hereni, Zénon. Akaisoma karatasi mara mbili, kisha akashusha sauti.

"Papa, hii haiko ya vibali. Iko yako. Inasema bibi yako iko na kaswende, amepata dawa, na wewe bwana ukuje upate pia. Usipokuja, utamrudishia."

Dominiki akapiga ngumi meza, pamba zikaruka. "Mbona hawakumwambia kwa Kiswahili? Mkalimani yupo barabarani, mle ndani hayupo? Waliopanga hivyo ni kina nani? Andika! Andika kwamba wameniulia mke na mtoto!"

"Eish, tutaandika, Papa. Haki yako. Lakini kwanza leta kidole."

Tone moja la damu, dakika kumi na tano. Kwenye kipimo mistari ikatokea miwili: naye anayo. Muuguzi akaanza kuandaa sindano. Zénon akavuta pazia, akachukua kalamu.

"Ulisha kuona kidonda huku chini?"

Dominiki akatazama viatu vyake. Kilikuwepo, mwaka uliopita. Kidogo, hakiumi. Alinunua vidonge kwa Pandu, anayetembeza dawa bandarini. Kikakauka, akamshukuru Mungu, akanyamaza.

"Kilikuwepo," akasema. "Kikapona chenyewe."

Zénon akaandika. Hakumtazama kama hakimu. Afadhali angemtazama hivyo, Dominiki angepata wa kugombana naye. Kalamu ikashuka mstari wa pili, ikasimama.

"Na mama Scola, Papa, ulimwambia?"