Mlango wa Kijito cha Nyati

Ragna Tveit hakumwamini Wasyl Hrynkiw hata akimwambia theluji ni nyeupe. Sasa theluji imeyeyuka, malisho ya Ragna yamegeuka ziwa, na ziwa linasogelea zizi lenye ndama waliozaliwa juzi. Wakifa hao, basi tena, shamba la marehemu mumewe limekwisha.

Kijito cha Nyati hupita kati ya mashamba yao, hupenya tuta la barabara na kumwagika katika Mto Sorrel. Kwenye tundu la tuta pana mlango wa chuma, na asubuhi ile Ragna alimwona Wasyl akiufunga.

"We Wasyl! Mbona unanifungia maji?"

"Tulia, mama. Yakae hapo kwanza."

"Yakae kwangu, siyo?"

"Hayo yako ni kidogo. Usiuguse mlango, nakuja." Akapanda trekta, akaenda zake.

Kidogo! Ragna alicheka kwa uchungu. Si ajabu, shamba la Wasyl limeinuka na lake limebonyea. Mtu wa juu hana haraka. Na hiyo "nakuja" ya nini, kama si kuja kumtazama akizama? Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea, akachukua mtaimbo.

Hakupanda tutani kuchungulia ng'ambo. Angepanda angeuona Sorrel umefura kupita kijito. Mto ule huelekea kaskazini. Kusini barafu imeshakatika, kaskazini bado ngumu kama jiwe, na maji yakikosa njia hurudi kwenye vijito vilivyoyaleta. Mkaaji wa zamani wa mto huo kama yeye alilijua hilo tangu utoto. Lakini hasira hasara, jamani. Akabandua mlango.

Maji hayakutoka. Yaliingia, yakiwa na vipande vya barafu, yakamwangusha chali.

Alipofika zizini akikimbia, yalikuwa magotini. Wasyl alikuwa ndani tayari, trekta na tela mlangoni, amekumbatia ndama wawili wanaotetemeka.

"Nilikwenda kufuata tela," alihema. "Nani kafungua?"

Ragna alitazama mtaimbo mkononi mwake. Wasyl naye akautazama.

"Mimi ng'ombe nimeuza wote, Ragna," alisema taratibu. "Maji yale kwangu hayafiki. Niliufunga kwa ajili ya hawa."

Akampa ndama mmoja. Nyuma yao, gizani mwa zizi, wengine, waliolala majini, walikuwa wameshanyamaza.