Vikapu vya Mifuko ya Mbolea

Tangu alfajiri Tadea hakukalika. Alikaa, akasimama, akavigeuza vikapu, akakaa tena. Leo Mwenyekiti Wendelin na wazee wangeamua: mifuko mitupu ya nailoni wapewe akina mama waendelee kuifumua na kusuka, au ichomwe kama takataka. Kwa Tadea, mjane aliyehamishwa kutoka shamba lake la Mbuji mwaka wa Operesheni Vijiji, akaja kijiji kipya na jembe na binti yake Ephrasia, ambaye sasa ni mjamzito, kikundi kile cha kusuka ndicho kilichokuwa shamba.

Basi akafanya ujanja, na ujanja mwingi mbele giza. Wazee walikuwa wakila pamoja kwenye sengu, pale wanapoamulia mambo yao. Tadea akawapelekea ugali ndani ya kikapu cha nailoni. Waone wenyewe!

Wazee wakatazamana.

"Mama Ephrasia," akasema Wendelin, "mfuko huu ulibeba nini?"

"Mbolea, Mwenyekiti. Tumeuosha kwa majivu mara tatu."

Hakusema kwamba mwenzake Zita aliiloweka mifuko yote katika shimo moja, pamoja na ile ya dawa ya kunyunyizia kahawa, yenye unga wa buluu wa sumu. Majivu huondoa kila kitu, alijiambia.

"Basi onja wewe kwanza."

Ni desturi, hata pombe, aliyeipika ndiye hunywa wa kwanza. Tadea akamega tonge, akameza, akatabasamu. Kule pembeni Zita akapiga kigelegele. Mzee Othmar naye akamega. Ushindi ulikuwa umefika, lakini moyo wa Tadea ulizidi kwenda mbio.

"Mpe na binti," akasema Wendelin. "Mwenye mimba hasubirishwi."

Ephrasia, aliyekuwa akiwanawisha wazee mikono, aliweka birika chini, akanyoosha mkono kwenye kikapu.

Tadea akaupiga ule mkono.

Othmar akalirudisha tonge lake.

"Yeye hapana, sisi ndiyo?" akauliza Wendelin kwa upole, na upole ule ulimchoma Tadea kuliko matusi.

Akapiga magoti, akaeleza yote. Kabla jua halijafika utosini, mifuko na vikapu vilikuwa vikiungua nyuma ya ofisi ya kijiji.

"Ungenyamaza tu, dada!" Zita alilia. "Walikuwa wameshakubali!"

"Ningenyamaza," akasema Tadea. "Kama Ephrasia asingenyoosha mkono, Zita, ningewaacha wazee waendelee kula."