Kuku wa Cenning

Mtu akikasirika ana maneno mengi ya kuchagua, na mimi nikachagua yale mabaya kuliko yote. Nilimwambia dada yangu mdogo, Cenning, mbele ya mumewe na mbele ya kuku wake, "Nyumba ni yako, lakini ardhi ni yangu."

Kwingine hayo ni maneno tu. Mwenye nyumba ya matofali ukimwambia hivyo atakucheka, atakuuliza sasa nyumba aipeleke wapi. Nyumba zetu sisi ni za mbao, zimeinuliwa juu ya nguzo, na nguzo zimekaa tu juu ya mawe bapa. Wanaume sitini wakikubaliana, nyumba inaondoka. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote hapa, maana nyumba zinapobebwa mimi ndiye ninayetoa sauti ya kuongoza wabebaji. Nimehamisha nyumba kumi na saba na sijavunja hata dirisha.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kuku. Mama alipofariki, nyumba ilikwenda kwa Cenning kama ilivyo desturi, kwa kuwa ndiye kitinda mimba na ndiye aliyemuuguza. Kiwanja kilicho chini ya nyumba, na shamba linalokizunguka, vikaniangukia mimi. Hakuna aliyeona tatizo. Kisha nikapanda miche ya kakao, na kuku wa Cenning wakaichakura yote iliyokuwa karibu na ngazi yake. Nikapanda tena, wakachakura tena. Nilimwambia awafunge. Akanijibu kwamba kuku wa mama hawajawahi kufungwa, na hawataanza leo kwa sababu ya vijiti vyangu. Eti vijiti, kakao ya mbegu bora niliyoibeba mgongoni kutoka bondeni, mwendo wa siku mbili. Hapo ndipo ulimi uliponiteleza.

Cenning alimtazama Sakka, mumewe, akapanda ngazi akaingia ndani. Siku ya tatu Sakka alikwenda kwa imamu kuomba watu wa kuwahamishia nyumba hadi kwenye kiwanja chake mwenyewe, ng'ambo ya shamba la mahindi.

Hajera, mke wangu, hakunipa nafasi ya kupumua.

"Nenda kamwombe msamaha."

"Aje yeye. Kuku ni wake."

"Na ulimi ni wa nani?"

Sikwenda. Nina kichwa kigumu, na nasema hivi bila kujisifu. Kila asubuhi nilijiambia nitakwenda jioni, na jioni nikajiambia amechoka, nisimsumbue. Cenning nilimlea mimi. Baba alifariki yeye akiwa hajaota meno, mama akawa shambani kutwa, na mimi nikawa namfunga mgongoni kwa kitambaa na kumpondea wali kwa vidole. Sina ndugu mwingine. Niliogopa kwamba nyumba ikishaondoka atanihesabu kama jirani tu, wa kusalimiwa kwenye misiba. Niliogopa hivyo, na bado sikwenda.

Ijumaa baada ya sala, imamu wetu, mzee Mappa, alinishika mkono mlangoni mwa msikiti.

"Dalle, watu wako tayari. Twende ukatoe sauti."

"Mtafuteni mwingine leo."

"Mwingine yupi? Ulipougua mwaka juzi tulimwachia Sakka, akaipeleka nyumba ya watu kwenye bwawa la samaki."

Watu wakacheka, hata Sakka mwenyewe. Mzee Mappa hakucheka. "Unataka nyumba ya mama yako iingie bwawani?"

Sikutaka.

Tulikuta mianzi imeshafungwa kwenye nguzo, magunia ya mpunga na vyungu vimeshatolewa nje. Wanawake walikuwa wanakaanga ndizi. Cenning alipita na sinia akigawa bakuli za uji wa choroko, akimtania huyu na kumuuliza yule habari za mkewe. Aliponifikia mimi aliweka bakuli kwenye jiwe kando yangu, akaenda zake. Nikanywa. Ulikuwa na sukari nyingi mno, ile ninayoipenda mimi peke yangu na ambayo Hajera amenikataza.

Kisha nikasimama mbele na kuwapanga watu. Wanaobeba huwa wapo chini ya sakafu, wameinama, hawaoni kitu isipokuwa visigino vya aliye mbele yao. Wanakwenda wanakoambiwa. Niliita, wakaitikia, na nyumba nilimozaliwa ikanyanyuka kwenye mawe yake. Niliwaita polepole kuliko nilivyowahi kuita siku yoyote. Nilijua ni ubao gani unalia, na ni nguzo ipi mama aliipaka mafuta kila mwezi wa Mfungo. Nikawaambia hapo pana shimo, hapo pana mzizi, wa kushoto wainue.

Tulipofika, niliuliza uso wa nyumba utazame wapi. Hilo huamuliwa na mwenye nyumba.

Cenning alisimama mikono kiunoni, akatazama huku na kule. "Jiko lielekee kwa kaka," alisema, akimwambia Sakka, si mimi.

Kila mtu alisikia. Jiko ni mgongo wa nyumba. Nikawaita watu wazunguke, wakazunguka, nyumba ikanigeuzia mgongo kwa sauti yangu mwenyewe. Nikaondoka kabla ya chakula.

Pale nyumba ilipokuwa palibaki mawe na udongo mkavu usioota hata jani, kwa kuwa haukupata mvua tangu nizaliwe. Nilikaa juu ya jiwe moja. Jua lilipoanza kushuka nikasikia mahindi yanachakarishwa, mara akatokea jogoo, na nyuma yake kuku kumi na mmoja kwa mstari. Walifika pale wanapolala siku zote. Wakatazama juu kutafuta boriti za chini ya sakafu walizozoea kulalia, hawakuziona. Mmoja aliruka, hakupata pa kushika, akaanguka. Mwisho wakajikusanya katikati ya udongo mkavu, wamebanana, wananitazama mimi.

Nililia, sioni haya kusema. Kisha nikaleta matenga mawili, nikawatia ndani na kuwapeleka.

Cenning alikuwa jikoni. Alipokea matenga mlangoni, akasema asante, nami nikasema haidhuru. Ndiyo yote tuliyosema.

Kesho yake jioni walirudi. Nikawapeleka. Cenning akaniuliza kama mguu wangu niliougua mwaka juzi bado unauma, nikasema kidogo. Kesho kutwa yake walirudi tena, na njiani walikuwa wamechakura miche sita. Nikawapeleka. Akaniambia niingie, chai ipo. Ikawa hivyo siku zote. Hajera akawa ananiwekea matenga tayari chini ya ngazi bila kusema neno, jambo ambalo kwake si la kawaida.

Jioni ya saba nilikuta samaki wa kuchoma, wali, na sahani tatu. Sakka alikuwa anaoga. Nikakaa mahali ambapo mama alikuwa ananikalisha, karibu na meko. Dirisha la jiko lilikuwa wazi, nikatazama nje, na ndipo nikaona kwamba kutoka pale njia yangu yote huonekana, tangu ngazi ya kwangu hadi mwisho wa mahindi. Mwanamke anayepika hukaa hapo kutwa nzima.

Nikajikohoza. "Cenning, kuku akihamishwa hufungiwa siku tatu ndani ya tenga. Akifunguliwa, harudi tena alikotoka. Mama alikufundisha mimi nikiwepo."

"Najua."

"Basi mbona huwafungii?"

Alikuwa anageuza samaki. Alimgeuza mpaka mwisho, akafuta vidole.

"Nikiwafungia, kaka, wewe utakuja huku kwa sababu gani?"

Wiki nzima nilikuwa nimetengeneza maneno yangu, marefu na ya heshima, na hapo sikukumbuka hata moja.

"Nilisema vibaya," nikasema.

"Ulisema vibaya," akakubali. Akanisogezea sahani yenye samaki mkubwa. "Kula. Kesho nitawafungia."

"Usiwafungie kwanza."

"Watakumalizia miche."

"Nitapanda mingine," nikamwambia.