Kipara Juu ya Pazia

Shule yetu ya vikaragosi ya kila Jumamosi ilianzia kwenye stoo ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Leo watu wanatoka mbali kuja kusoma, lakini mwanzoni tulikuwa watatu tu: kinyozi, fundi cherehani na mimi. Kikaragosi changu kilikuwa bibi kizee, nimemshona kwa soksi ya marehemu.

Wenzangu walilia na magoti, maana nyuma ya pazia unapiga magoti na mkono uko juu muda wote. Mimi nimezoea. Kwa Mungu siendi nimesimama.

Shemeji alituvumilia weee, mwisho akachoka. "Shemeji, nataka stoo yangu niweke saruji. Haya, waiteni watoto. Wakicheka, kaeni. Wasipocheka, Jumatatu mnatoka na masoksi yenu."

Watoto wakajaa. Onyesho likaanza, likadoda. Kinyozi kwa woga akakielekeza kikaragosi chake darini, utadhani kinatafuta bati linapovuja. Cha fundi kikaongea mdomo umefungwa. Nikasikia watoto wanapiga miayo. Ee Mungu, usituache!

Mara shemeji huyo nyuma ya pazia. "Basi, basi! Nani amecheka hapa?"

Aliyasema hayo amesimama wima, na alivyo mrefu, kipara chake kikachomoza juu ya pazia, kinang'aa.

Kitoto kimoja kikapiga kelele, "Yai!"

Mungu anisamehe, mkono wangu haukungoja. Bibi wa soksi akakinyatia kipara, akakigusa, akaruka nyuma. Akarudi, akaanza kukifuta kwa leso.

"Yai la nani hili, jamani?" nikabana sauti. "Mbona la moto?"

"Linataka kuanguliwa!" watoto wakalipuka.

"Shemeji, unanifanya nini?" akafoka.

"Mama yangu, linaongea!" akasema bibi.

Stoo nzima ikatikisika. Kinyozi akagaragara chini, hana mbavu. Shemeji akainama haraka kujificha, na watoto wakaanza kudai, "Yai! Yai! Yai!"

Nilimtazama. Alikuwa ametega sikio. Akajikuna shingo, akatabasamu kidogo, kisha taratibu, mwenyewe, akakipandisha kipara tena.

Saruji ilishushwa uani kwake, ikafunikwa turubai. Na Jumamosi iliyofuata shemeji ndiye aliyetangulia kufika, soksi mkononi.

"Hapa tunapiga magoti," nikamwambia.

"Na yai je?"

"Yai linatoka mwisho, shemeji. Piga magoti."