Kompyuta Zinamsubiri Mgeni

Feni iliponyamaza, Tupokigwe hakuhitaji kutazama. Umeme umekatika tena. Laptopu ya Kaka Anyosisye, iliyowekwa juu ya matofali mawili ipate hewa, nayo ikazima papo hapo, maana betri yake ilishakufa zamani.

"Ilifika ngapi?" Anyosisye aliuliza.

"Mia sita na kumi na moja."

Mia sita na kumi na moja, kati ya picha elfu nne na mia tatu! Tupokigwe alitamani kuupiga ukuta teke.

Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika sita tu: katuni ya bibi anayepeleka debe la mahindi mpakani Tunduma, kila kizuizi kikimpunguzia, mpaka anafika sokoni na debe tupu. Tupokigwe, mwanafunzi wa kidato cha nne, ndiye aliyemchora huyo bibi na kumfundisha kutembea ndani ya kompyuta. Magoti tu yalimsumbua mwezi mzima. Mwenzake Hamis alitoa sauti zote, hata ya mbuzi. Anyosisye, mzaliwa wa Ileje aliyekuwa akichora katuni za matangazo Dar es Salaam, alichukua likizo isiyo na malipo akaja shuleni kwao kuwafundisha bure. Sasa ilibaki laptopu izipike picha moja moja, yaani igeuze michoro kuwa picha kamili za filamu, kila moja dakika kumi. Siku thelathini hizo, kama umeme haukatiki. Na shindano la filamu za wanafunzi walilotaka kuipeleka lilikuwa linafungwa Ijumaa ya wiki inayofuata.

Washindi wangepelekwa Dar kuisomea kazi hiyo miaka miwili. Tupokigwe alikuwa akiitaka nafasi ile mpaka inamkosesha hamu ya kula. Akiikosa, mama yake ameshamwekea kigoda kwenye kibanda cha mahindi kule Mlowo.

Na ng'ambo ya korido, jamani, kulikuwa na kompyuta kumi mpya! Kwa pamoja zingeimaliza kazi kwa siku tatu. Wafadhili walizileta miezi saba iliyopita, zikafunikwa vitambaa, na mlangoni pakafungwa utepe mwekundu.

Walikwenda wote watatu kwa mkuu wa shule, Mwalimu Nikodemo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Najua mlichofuata. Haiwezekani."

"Siku tatu tu, mwalimu," Anyosisye alisema. "Utepe hatuugusi. Tutainama tupite chini yake."

"Halafu mgeni rasmi aje kuzindua nini? Makombo?"

"Samahani, mwalimu," Tupokigwe alisema, "mgeni mwenyewe si ameahirisha mara nne?"

Hamis akamkanyaga mguu. Lakini mwalimu hakufoka. Alishusha sauti.

"Mwanangu, mwenzangu mmoja aliruhusu wanafunzi wanywe maji ya tenki jipya kabla halijazinduliwa. Watoto walikuwa na kiu. Maneno yakafika juu, na leo anafundisha mahali ambapo hata pikipiki inafika kwa kusukumwa. Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Ngojeni. Mgeni anakuja Jumatatu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Huyu wao alikuwa anawaua hata kabla hajafika. Jumatatu hakuja. Jumatano hakuja. Ijumaa ilipofika, bibi wa katuni alikuwa bado amekwama kwenye kizuizi cha pili, mguu mmoja hewani.

"Tuitume hivyohivyo, kaka," Tupokigwe alisihi.

"Nusu ya filamu hawaipokei, Tupo." Anyosisye akaanza kukunja waya. Jumapili akapanda basi la Dar. Likizo imekwisha.

Mgeni alikuja Jumanne, akiwa amechelewa saa tatu. Zikachezwa ngoma, mkasi ukaletwa kwenye sinia, utepe ukakatwa. Makofi!

"Nani hapa anazijua hizi?" mgeni aliuliza.

Mwalimu akamsukuma Tupokigwe mbele, wakamkalisha. Umeme haukuwepo, na jenereta ilikuwa imeshughulishwa na vipaza sauti.

"Si neno," mpiga picha alisema. "Binti, shika kipanya. Mtazame mgeni. Cheka kidogo."

Akashika kipanya mbele ya kioo cheusi, akacheka kidogo.

Magari yalipoondoka, Hamis alibaki mlangoni. "Mwalimu, si zimeshazinduliwa? Tuanze leo?"

"Subirini. Watu wa halmashauri lazima waje kwanza kuzipiga namba za mali ya serikali."

"Watakuja lini?"

"Watatujulisha." Akamgeukia Tupokigwe. "Funika, mwanangu. Vumbi."

Vitambaa vilikuwa kazi ya mikono yake. Kompyuta zilipoletwa, yeye na wasichana wenzake waliamriwa wavifume, kila kimoja na maneno ya uzi mwekundu: KARIBU MGENI. Akafunika ya kwanza, akafunika ya pili, mpaka ya kumi. Ile ya mwisho mwalimu aliitazama, akamwambia akigeuze kitambaa, maandishi yaelekee mlangoni.