Kuwaandika Mabinti wa Delmar

Mimi sikuzaa. Nimeendesha basi la shule hapa Wausau, Marekani, mpaka kelele na matapishi ya watoto wa watu nikayazoea, lakini jioni nilikuwa narudi nyumbani peke yangu, na kila mwaka nilijaza fomu ya kodi ya mapato ya mtu mmoja. Kisha nikaolewa na Delmar, aliyefiwa na mkewe na kuachiwa mabinti wawili.

Februari iliyofuata tulijaza kodi kwa mara ya kwanza kama mume na mke. Tulipofika sehemu ya wategemezi, yaani watoto mnaowalea na ambao hukupunguzieni kodi, nikamwambia Delmar asogee, nitaandika mimi. Lene, miaka minane. Britta, kumi na saba. Nilibonyeza herufi mojamoja, nikarudia kusoma, nikatabasamu kama mjinga.

"Roxanne, hiyo ni serikali, si keki ya harusi," Delmar akanicheka.

Kesho yake fomu ikarudi, imekataliwa. Lene hakuwa na tatizo. Ila Britta, ambaye wikendi huuza aiskrimu, alikwisha kujaza fomu yake mwenyewe, na pale wanapouliza kama kuna mtu anayeweza kumwandika kuwa mtegemezi wake, alijibu hapana, hivyo fomu yake na yetu zikapingana.

Hapana! Iliniuma, sitaki kuficha. Kuzaa si kazi, kazi kulea, ndivyo nilivyokuwa nikijifariji. Kumbe anayelelewa naye ana neno lake. Lene alinikubali siku ya kwanza. Kwa Britta nilikuwa Roxanne tu, yule aliyehamia na paka wake.

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na Ijumaa ya Kwaresima mji mzima hula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi neno halilali moyoni mwangu. Nikamkabili Britta palepale kwenye foleni, sahani mkononi.

"Kama hutaki niandike kwamba wewe ni mtoto wetu, ungesema tu."

"Kuandika wapi?"

"Kwenye kodi! Umewaambia huna mtu."

Britta akakodoa macho. "Hee! Ile? Nilijaza kwenye simu wakati wa mapumziko, mashine ya aiskrimu inavuja, bosi anapiga kelele. Nilitaka nirudishiwe upesi hela zangu walizokata za kodi. Kazini wote wamejibu hapana!"

"Wote?"

"Kila mwaka nusu ya shule hufanya kosa hilohilo," akasema Delmar, aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni. "Hata mimi nililifanya. Mama yangu alinikimbiza na mwiko."

Nikaanza kucheka, lakini Britta hakucheka. Alikuwa akiitazama sahani yake.

"Halafu nilidhani wewe huruhusiwi," akasema. "Nilidhani lazima uwe umenizaa. Sikutaka upate matatizo kwa ajili yangu."

"Sheria inasema mtoto wa kambo ni mtoto."

"Sawa na Lene?"

"Lene naye ni wa kambo, wewe! Sawa na wa kumzaa mwenyewe."

Britta alichukua kipande chake kikubwa cha samaki akakiweka kwenye sahani yangu, na mimi nikalia mbele ya waumini wote.

"Lieni huku mnatembea," mama mmoja nyuma yetu akasema. "Viazi vinapoa!"

Jumamosi tukaenda maktaba, kwa mzee Engebretson, anayewasaidia watu kodi bila malipo. Akafungua fomu ya Britta, akavaa miwani, akamsomea swali upya: kuna mtu anayeweza kukuandika kuwa mtegemezi wake?

"Wapo!" Britta akajibu, wasomaji wakageuka. "Baba, na huyu hapa."

Mzee akarekebisha, kisha akachapisha fomu yetu tukaitume kwa posta. Nilipokuwa nikitia saini, akaniambia nisihuzunike kwamba binti anakua. Akienda chuo na kuendelea kusoma, tutaweza kumwandika hivihivi mpaka akaribie miaka ishirini na nne.

Britta alikuwa ameshika koti langu. Akanitazama, akamtazama mzee.

"Basi," akasema, "nitasoma polepole."