Usawa wa Jicho

"Hamsini na nane, mwalimu," alisema Atuganile, na wavulana wakacheka.

Wao wote walikuwa wamesoma sitini na mbili. Silinda ya kioo ilikuwa pale pale mezani, maji yake hayajaguswa, na Mwalimu Kalinga amesimama kando yake katika koti jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa. Alikuja Mbeya mwaka huo wa 1974 na digrii yake mbichi, na kosa la kipimo lilimkera kama jiwe ndani ya kiatu. Ubaoni alikuwa ameandika vyanzo vya makosa: chombo kibovu, mkono unaotetemeka, jicho lisilo usawa na maji. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli. Jinsi msichana pekee wa Fizikia alivyokaa akisoma kipimo, hakujishughulisha kuitazama.

"Kila nikikuita unapunguza," alisema. "Macho yako yamezoea kupepeta mpunga. Kidato cha tatu utakwenda mchepuo wa kilimo. Leo baki uoshe vyombo."

"Ndiyo, mwalimu."

Bila Fizikia, udaktari aliowaahidi wazazi wake kule Rungwe ulikuwa umeota mbawa.

Alasiri, ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza, Kalinga alirudi kuchukua mwavuli aliousahau. Dirishani akasita. Atuganile alikuwa peke yake mbele ya silinda ile ile, amesimama, shingo ameiinamisha kidogo, jicho sawasawa na maji.

"Sitini na mbili," alinong'ona. Akasoma tena. Sitini na mbili.

Kalinga alisukuma mlango.

"Shikamoo, mwalimu." Magoti yakakunjika papo hapo. Alichutama hadi kidevu kikafika ukingo wa meza.

"Marahaba. Hebu soma."

Aliinua macho toka huko chini. "Hamsini na nane."

Masikio ya Kalinga yaliwaka moto. Mama yake mwenyewe, kule Kilolo, hakuwahi kumpa baba maji bila kupiga magoti. Alikulia ndani ya heshima hiyo hata akaacha kuiona. Muhula mzima alitafuta kosa kwenye chombo, kwenye mkono, kwenye akili ya mtoto wa watu, na kila mara yeye ndiye aliyekuwa amesimama hapo. Aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze na koti lake.

"Kwa nini husimami ukasoma?"

"Nitasimamaje, mwalimu, na wewe umesimama hapo?"

Bila kufikiri, Kalinga naye akachuchumaa. Atuganile akashtuka, akazidi kushuka hadi magoti yakagusa saruji. Mwalimu akainuka upesi, akaenda mlangoni, akampa mgongo.

"Sasa soma."

Kisha sauti ikatoka juu, mahali pake: "Sitini na mbili."

"Jumatatu utasoma hivyo mbele ya wote, mimi nikiwa nje. Na Fizikia unaendelea." Akashika kitasa cha mlango. "Nisamehe, Atuganile."

Nyuma yake alisikia sketi ikisugua sakafu. Msichana alikuwa amechutama tena, kuyapokea maneno yale. Kalinga aliukazia macho ukungu, asithubutu kugeuka.